Mnyama Hakuwa Amelala

Baba alizikwa mwezi wa sita hapa hapa Birmingham, mbali na dada yake, ambaye Baba alitaka kumwona mara moja tu kabla ya kufa. Naanza na hilo ili mtu asisome akingojea muujiza. Hakumwona. Na kilichomzuia hakikuwa vita, wala pasipoti, wala nauli. Kilichomzuia ni ulimi wangu.

Lazima kwanza nieleze kazi ya Baba, maana bila hiyo mtu atanidhani mwongo wa kawaida tu.

Huko Uvira, mashariki mwa Kongo, kabla hatujakimbia, Baba alikuwa mtafsiri wa filamu. Kulikuwa na chumba cha mbao chenye mabenchi, televisheni moja na jenereta nyuma ya ukuta. Watu walijaa humo kuangalia filamu za karate, za Kihindi na za Kifaransa, na Baba alisimama pembeni na maikrofoni, akiwaambia kwa Kiswahili kila kilichosemwa na kila mtu. Wengine wa kazi hiyo hujiita DJ. Baba alilidharau jina hilo. Yeye alikuwa *interprète*, na kabla ya kulitamka alinyoosha kola ya shati.

Kipaji alikuwa nacho. Aliweza kuwa bibi kizee, jambazi na farasi ndani ya dakika moja. Lakini alikuwa na tabia yake pia: alichokiona kizito mno hakukivusha. Mtu akitukaniwa mama yake, Baba alisema, "Anamusalimia vibaya." Mtoto akifa, alisema amepelekwa kwa nyanya yake. Mama yangu, ambaye bado alikuwa hai, alimgombeza kwa hilo, naye akamjibu, "Hawa batu balishalia ya kutosha huko inje. Hapa bakuje bapumuzike."

Filamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa moja ya zamani sana, ya Kifaransa, isiyo na rangi, kanda aliyopewa na padri mzee wa parokia. Ilikuwa hadithi ya kale ya watoto iliyogeuzwa sinema. Mfanyabiashara anapotea msituni, anaingia katika nyumba ambamo mikono ya watu inatoka ukutani imeshika mishumaa. Asubuhi anachuma ua waridi moja bustanini kwa ajili ya binti yake mdogo, na hapo mwenye nyumba anatokea: mnyama aliyevaa kifalme, uso mzima manyoya. Mnyama anamwambia atakufa kwa sababu ya ua hilo, au binti yake mmoja aje badala yake. Binti anakwenda. Mnyama hamli. Anampenda. Kisha baba wa binti anaugua kule nyumbani, na binti analia aruhusiwe akamwone. Mnyama anamruhusu wiki moja tu, huku akimwonya kwamba asiporudi, yeye atakufa kwa huzuni. Dada zake wanamchelewesha kwa machozi ya kitunguu. Anaporudi, anamkuta mnyama amelala kando ya maji.

Hapo mnyama anafungua mdomo na kusema jambo kwa Kifaransa. Na Baba, kwenye maikrofoni, kwa sauti nene ya usingizi, alisema, "Usilie, *ma chérie*. Nilikuwa nimelala tu, kazi ilinichokesha."

Chumba kizima kilicheka. Wanawake waliokuwa wameshaanza kujifuta macho kwa vitenge walipigana viganja. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa benchi la mbele, na Kifaransa changu kilikuwa cha salamu tu. Kwa miaka zaidi ya ishirini niliamini kwamba yule mnyama alikuwa amelala.

Tulikimbia. Tulikaa kambini miaka mingi, Mama akafia huko, na mwisho tukaletwa hapa, Baba na mimi. Tulipewa nyumba Bordesley Green, nyumba ya tofali iliyobanwa kulia na kushoto na nyingine za sura ile ile, kiasi kwamba mwezi wa kwanza Baba alijaribu ufunguo kwenye milango ya majirani mara mbili. Nikasoma, nikapata kazi ya kutunza wazee katika jumba moja la kizamani kule Moseley. Baba hakupata chochote cha maana. Nani alihitaji mtafsiri wa filamu Birmingham? Kiingereza nacho kilimkataa, au yeye alikikataa, sikuwahi kujua ni nani alianza.

Basi mimi nikawa mdomo wake. Benki, mtu wa gesi, ofisi za serikali, kote nilitafsiri mimi. Alinitazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi wake, na tukitoka nje alinisahihisha. "Ulisema mbio mbio." Au, "Ule bwana alikuwa amekasirika, wewe ukaniletea sauti ya kanisa." Nilikuwa nanuna, lakini nyumbani nilijifunza kwa sauti mbele ya kioo cha bafuni. Nilitaka asifu.

Halafu ini lake likaanza kuugua. Hospitali ni dakika kumi kwa mguu kutoka kwetu, kwa hiyo mwanzoni tulienda kama watu wanaokwenda dukani. Daktari wake alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Kila mara aliuliza kama tunataka mkalimani wa hospitali kwa simu. Mara ya kwanza tulikubali, akaja Mtanzania mmoja kwenye laini, na Baba akalalamika wiki nzima kwamba bwana yule alimsomea ugonjwa wake kama taarifa ya habari. Tangu hapo nilisema hapana, asante, mimi ni binti yake.

Siku moja ya Februari daktari alizungumza muda mrefu. Alisema ugonjwa umeenea, hakuna dawa ya kuuondoa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Alisema tuhesabu miezi, pengine michache. Kisha akasogeza kiti chake karibu akauliza kama kuna mtu ambaye Baba anatamani kumwona, au safari yoyote, kwa sababu sasa hivi bado ana nguvu, na baada ya wiki sita au nane huenda asiweze tena kupanda ndege. Akasema aende sasa. Akasema yuko tayari kuandika barua ya kuwaonyesha watu wa ndege.

Mtu huyo alikuwapo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Anaishi Kampala, na walikuwa hawajaonana miaka kumi na sita. Tulikuwa tumeshapanga safari ya Julai, nitakapopata likizo. Baba alikuwa ameanza kuwaaga watu kanisani tangu Krismasi.

Alinigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema ini imechoka, Papa. Upumuzike, ukule muzuri. Bataendelea kukuangalia."

"Na safari?"

"Julai. Sawa vile tulipanga."

Akatikisa kichwa, akamshukuru daktari kwa Kifaransa. Daktari alinitazama kwa huruma, akidhani ametazama watu wawili waliopokea habari mbaya kwa ujasiri.

Ningeweza kusema nilimhurumia, na Wakongo wenzangu wengi wangeniitikia. Kwetu mgonjwa haambiwi kifo chake. Wanaambiwa ndugu zake nje, mlangoni, na wote wanaingia wakiwa wamefuta nyuso. Lakini nikisema hivyo tu nitakuwa natafsiri tena kwa kupunguza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Angekwenda Kampala sasa, angefia kule mikononi mwa dada yake, nami ningebaki peke yangu katika nyumba ile nikisikiliza televisheni ya jirani kupitia ukutani. Kazini Moseley nimewakalisha watoto wa watu na kuwaambia bila kupepesa kwamba mama yao hatafika Jumapili. Wamenishika mikono, wamenishukuru. Kwa baba yangu mwenyewe nilifunga mdomo. Nilitaka abaki na mimi, basi. Yule mnyama wa filamu alikuwa na roho kuliko mimi. Yeye alimfungulia mtu mlango.

Wiki zilipita. Machi yote ilikuwa mvua na ukungu wa kijivu. Jumapili mchana Shangazi alipiga simu ya video, akaweka uso karibu sana hadi tukaona pua na paji tu, akaeleza maandalizi yake. Amepaka chumba rangi. Amenunua godoro la mgeni, na hamwachi hata mtoto alikalie. Baba alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alikonda huku tumbo likijaa maji. Suruali zote zikamkataa, akavaa ile moja ya mazoezi yenye lastiki. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia, na kila jioni nilikuwa na sababu. Mara amelala vizuri, nimwache. Mara amelala vibaya, nimwache. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nadhani walimfikiria mgonjwa mwenyewe, hawakumfikiria binti yake.

Aprili, nikitoka kazini, niliona tangazo kwenye dirisha la mkahawa mmoja Moseley. Uso wa manyoya, kola ya kifalme. Ilikuwa filamu ile ile. Ingeonyeshwa Jumamosi saa nane mchana kule Digbeth, katika ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi, kwa Kifaransa chake, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nilifurahi kijinga. Nilifikiri nimempata Baba zawadi, na zawadi ingenilipia muda.

Alivaa koti la suti juu ya suruali ile ya mazoezi. Tukapanda basi, tukateremka karibu na kituo cha mabasi ya mbali, tukatembea pole pole mno, yeye na fimbo. Ukumbini kulikuwa na vijana wenye ndevu na kahawa, na baridi iliyotoka sakafuni. Baba alitazama mabenchi ya mbao, akasema, "Ah. Hapa banajua." Hayo ndiyo mabenchi ambayo mimi niliona aibu kumkalisha.

Taa zilipozima, alianza. Sikutegemea. Aliniegemea sikioni na kutafsiri, kwa kunong'ona, sauti zote: mfanyabiashara, dada wenye kiburi, binti, mnyama. Bibi wa mbele aligeuka akatukazia macho, Baba akampungia mkono na kuteremsha sauti kidogo. Pumzi yake ilikuwa fupi, ilimbidi apumzike katikati ya sentensi, lakini alikuwa yeye yule. Kwa saa nzima nilikuwa na baba mzima. Nalia ninapoandika hapa, sitaficha.

Mnyama alipompa binti wiki yake moja, Baba akanyamaza. Nilidhani amechoka. Filamu iliendelea, nikawa nasoma maandishi mwenyewe. Binti alichelewa. Binti alirudi akikimbia na kuita bustanini. Mnyama alikuwa kando ya maji. Nikasubiri sikioni ile sauti nene ya usingizi, na ikaja, dhaifu:

"Usilie, *ma chérie*. Nilikuwa nimelala tu."

Na chini ya picha, kwa Kiingereza, niliona mnyama akimwambia binti kwamba amechelewa mno na kwamba yeye anakufa.

Nilimwambia Baba, taratibu, "Papa, hakusema amelala."

"Minajua," akasema. Akaendelea kutazama mbele.

Hatukungoja mwisho, pale mnyama anapogeuka kijana mzuri. Baba alisema hapo hajawahi kupapenda. Tulikaa nje kwenye ukuta mfupi wa karakana moja, kuna upepo, naye akajikunja ndani ya koti. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anabadilisha.

"Filme inaisha, kila mutu anarudia kwake," akasema. "Kesho anaamuka, anauzisha tomati zake. Hakuna mutu alikosa kitu juu ya uongo yangu."

Nilivuta kola ya koti lake imfunike shingo.

"Sasa wewe," akasema. "Siku ile ya Februari, docteur alisema mpaka mate ikamukauka. Wewe ukaniletea maneno ine, tano. Nilifanya ile kazi miaka kumi na moja. Minajua tafsiri yenye imekatwa."

"Ulijua?"

"Nilijua kama niko nakufa. Hiyo mutu anajua mu mwili yake. Nikasema, ni mutoto, anaogopa kutamka, nitamuacha atasema siku yake. Lakini ulikata na nini tena? Ilikuwa murefu sana ile."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye ukuta ule. Nikamwambia yote, nikitazama viatu vyangu. Miezi michache. Kwenda sasa. Wiki sita au nane. Barua. Nilisema kwa utaratibu ule ule wa daktari, na nilishangaa kuona kwamba nilikuwa nimehifadhi kila neno.

Wiki tisa zilikuwa zimepita. Baba alihesabu kwa vidole, polepole, akarudia mara ya pili. Nilitegemea anipige kwa fimbo, na ingekuwa afadhali. Kijana mmoja alipita na baiskeli, akatusalimia, na Baba akamwitikia kwa adabu.

"*Rendez-vous* ya docteur iko lini?"

"Alhamisi."

"Basi Alhamisi utatafsiri. Yote."

Tukapanda basi kurudi nyumbani. Siku zile nne alikula nilichompikia, akasema asante, akaenda kulala. Asante zile zilinichoma kuliko tusi lolote alilowahi kuliruka kwenye maikrofoni.

Alhamisi daktari aliuliza, kama kawaida, kama tunataka mkalimani wa simu. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema ndiyo, tafadhali. Nilitaka mtu mwingine yeyote ashike kazi ile. Baba alielewa neno moja hilo la Kiingereza, akainua mkono.

"Hapana. Huyu," akasema, akanielekezea kidole. "Ni huyu atasema."

Alianza na swali lake. Je, anaweza kupanda ndege wiki hii? Daktari alimpima tumbo, akatazama karatasi za damu, akarudi kukaa. Akasema hapana. Akasema maji yanarudi haraka kuliko yanavyotolewa, damu yake haigandi vizuri, na hakuna shirika litakalompokea, na hata likimpokea, yeye hawezi kuandika barua hiyo. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi. Sikuacha hata ile ya damu. Baba aliinamisha kichwa kila nilipomaliza moja, kuonyesha ameipokea.

Kisha akasema, "Muulize tena. Siku ile ya Februari. Ningeweza?"

Nilimgeukia daktari nikauliza. Hakumtazama Baba. Alinitazama mimi, kwa muda, na nikaona anarudi nyuma hadi ile siku, anaona kiti, anaona mzee anashukuru kwa Kifaransa. Uso wake ukabadilika. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana kama nina hakika nataka alijibu swali hilo.

"Anasema nini?" akauliza Baba.

Huo ndio ulikuwa mlango wangu wa kutorokea. Ningeweza kusema anasema ni vigumu kujua. Daktari asingejua, na Baba pengine angeniachia, kama alivyoniachia mara ya kwanza.

"Ananiuliza kama niko na hakika ninataka ajibu."

"Mwambie ndiyo."

Nikamwambia ndiyo. Daktari akajibu, si kwa urefu.

"Anasema ndiyo, Papa. Siku ile ungeweza. Anasema ungefika na ungekaa naye wiki kadhaa. Anasema aliniambia."

Baba alichukua fimbo yake, akaiweka sawa kati ya magoti. Macho yake yalikuwa makavu. Alimshukuru daktari, safari hii kwa Kiingereza, neno moja. Nje kwenye ukumbi wa kungojea aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, karibu na mashine ya maji, akaonyesha mfuko wangu.

"Pigia tantine wa Kampala simu," akasema. "Umwambie na yeye. Vile vile."

"Papa, wewe si ungemwambia kwanza..."

"Mimi sikusikia Kiingereza. Ni wewe ulisikia."

Nikapiga. Iliita mara moja tu. Uso wa Shangazi ukajaa kwenye kioo, pua na paji, nyuma yake ukuta mpya wa rangi ya bluu. Nilifungua mdomo nimsalimu, naye akaniwahi, akicheka:

"*Alors*? Munafika lini?"